Jembe na Swali: Somo juu ya Fedha za Halmashauri

Katika miteremko ya Mlima Meru wazee wetu walichimba mifereji ya kuyaleta maji ya mlimani katika migomba yao. Mfereji haukuwa mali ya mtu mmoja. Siku ya kuuzibua, kila aliyenywesha shamba lake kwa maji yale alipaswa kufika na jembe. Asiyefika alitozwa faini. Lakini sheria hiyo ilikuwa na upande wa pili. Aliyefika na jembe alikuwa na haki ya kuona maji yanavyogawanywa, na ya kuuliza kwa nini zamu yake imerukwa. Jembe na swali vilikwenda pamoja.

Ndugu wasomaji, leo twataka kujifunza habari za mfereji mwingine, mkubwa zaidi, nao ni fedha za halmashauri. Tuchukue mfano wa Lemara, kata mojawapo ya Jiji la Arusha, ingawa yasemwayo hapa yawahusu pia walio Songea, Bukoba na Kigoma, kwa kuwa sheria ni moja. Tuseme masika yamefika, mtaro umeziba, na maji yameingia uani. Baba mmoja analalamika kwamba serikali haifanyi kitu. Jirani yake anaongeza kwamba kodi wanalipa. Sasa waulizeni wote wawili: mlilipa shilingi ngapi, mlimlipa nani, na ziliandikwa katika kitabu gani? Hapo wote wawili watanyamaza. Kimya hicho ndicho kilichotufanya tuandike somo hili.

Makisio ni nini?

Mama wa nyumba mwenye busara, kabla ya mwezi kuanza, hujiuliza mambo matatu: kipi kitaingia, kipi kitatoka, na nani atudai? Makisio ya halmashauri, ambayo siku hizi twayaita bajeti, ni maswali hayo hayo matatu yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wengi. Mwaka wake huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni.

Kwa utaratibu uliowekwa, makisio huanzia chini. Wakazi wa mtaa au kijiji hutaja mahitaji yao mkutanoni. Kamati ya Maendeleo ya Kata huyapanga. Wataalamu wa halmashauri huyapigia hesabu. Kamati ya fedha huyachambua. Kisha Baraza la Madiwani huyapitisha. Baadaye hupelekwa mkoani, TAMISEMI na Hazina, na mwisho hufika Bungeni. Kwa hiyo mtu asiyehudhuria mkutano wa mtaa wakati mipango inapoandikwa, halafu akalalamika mwezi wa Agosti, amefika mferejini maji yakiwa yamekwisha kugawanywa.

Fedha zatoka wapi?

Sehemu kubwa hutoka serikali kuu. Mishahara ya walimu wa shule zetu na wauguzi wa zahanati zetu hulipwa na Hazina. Lakini ziko pia fedha ambazo halmashauri huzikusanya yenyewe: leseni za biashara, ushuru wa masoko na stendi, vibali vya ujenzi, ushuru wa mazao, na ushuru wa huduma utozwao juu ya mauzo ya makampuni, ambao sheria imeuwekea kikomo. Ushuru wa mazao ulipunguzwa mwaka 2017, kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipumua, lakini mweka hazina wa halmashauri ya shamba alipaswa kutafuta pengine pa kuziba pengo. Kodi hupunguzwa kwa furaha. Ni vema tukumbuke kuuliza pia ni kazi gani itakayopunguzwa pamoja nayo.

Tena yafaa kujua nani ashughulikiaye nini. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini pamoja na mitaro yake zimekuwa chini ya wakala uitwao TARURA. Basi wale majirani wawili, wakienda kumgombeza karani wa leseni katika ofisi za jiji kwa sababu ya mtaro, watakuwa wamebisha mlango usio wao. Diwani wao aweza kuwaonyesha mlango ulio sawa, na kuwaambia kama mtaro huo umo katika mpango wa mwaka au haumo. Hiyo ni sehemu ya kazi yake.

Kodi ya nyumba

Tuje sasa kwenye kodi ambayo inamhusu kila mwenye paa. Katika nchi yetu kodi hii ilizaliwa vibaya. Wajerumani waliiweka mwaka 1897, kwa kawaida rupia 3 kwa kila kibanda, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho lake. Waingereza waliendelea na kodi ya kibanda na kodi ya kichwa. Mlipaji hakuulizwa neno, wala hakusomewa hesabu. Yalikuwa ni majembe bila swali. Si ajabu basi kwamba hata leo wako watu waonao kukwepa kodi kuwa ushujaa.

Lakini watu wa Meru wenyewe wametuachia ushuhuda mwingine. Mwaka 1951 wenyeji wa Engare Nanyuki walifukuzwa katika ardhi yao ili wapewe walowezi. Wameru walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa kuieleza dunia kilio chao. Hakuna askari aliyewafuata nyumbani kudai mchango ule. Walitoa kwa kuwa walijua fedha zakwenda wapi, na kwa kazi gani. Hapa pana fundisho kubwa kwa kila mtoza kodi: mtu aonaye kazi ya shilingi yake huitoa kwa moyo mwepesi zaidi.

Baada ya uhuru kodi ya majengo ilikuwa mali ya halmashauri za miji, na sheria ya mwaka 1983 iliziruhusu kuitoza kwa kufuata thamani ya jengo. Ugumu ulikuwa katika kuhesabu. Katika miaka ya 2010, mradi wa kuendeleza miji uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliisaidia Arusha kuyahesabu majengo yake kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka angani. Vitabu vya zamani vilikuwa na majengo kama 23,000. Hesabu mpya ilipata zaidi ya 100,000. Fikirini jambo hili: katika kila nyumba nne au tano, moja tu ndiyo iliyokuwa imeandikwa! Mwenye nyumba ile moja alikuwa akifika mferejini na jembe lake, na jirani zake watatu au wanne wakinywesha tu.

Mwaka 2016 kazi ya kutoza kodi hiyo iliondolewa katika halmashauri za miji mikubwa ikapewa Mamlaka ya Mapato, yaani TRA. Mwaka 2018 kikawekwa kiwango kimoja cha shilingi 10,000 kwa nyumba ya kawaida, na tangu mwaka 2021 kodi imekuwa ikikatwa mtu anunuapo umeme wa LUKU. Mwaka 2023 kiwango kiliongezwa kutoka shilingi 12,000 hadi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na kutoka 60,000 hadi 90,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini.

Njia hii ina faida zake, wala si haki kuzificha. Mwenye nyumba hapangi foleni, mtozaji hana nafasi ya kuomba chai, na ni vigumu kukwepa. Hata hivyo, ina kasoro tatu ambazo yatupasa kuzitazama kwa macho makavu.

Ya kwanza ni usawa. Nyumba ya tofali ya vyumba viwili na jumba pana la thamani kubwa, kama yote mawili hayana ghorofa, hulipa shilingi 18,000 zile zile. Mlalahoi na tajiri wamebeba mzigo mmoja kwa mabega yasiyolingana.

Ya pili yahusu mpangaji. Kodi hii ni ya mwenye nyumba, lakini anunuaye umeme mara nyingi ni mpangaji. Mwenye nyumba mwema humrudishia, au humpunguzia katika kodi ya pango. Mwenye nyumba anyamazaye, huku akijua kwamba mama aliyepanga vyumba vyake anamlipia deni lake kila mwezi, na ajichunguze dhamiri. Vivyo hivyo kwa wazee: sheria imetoa msamaha kwa mwenye umri wa miaka 60 au zaidi juu ya nyumba anayokaa. Vijana mlio na babu na bibi, waulizieni katika ofisi ya TRA, msiwaache wakatwe kwa kutojua.

Ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote. Kodi ikatwayo kimya kimya ndani ya umeme husahaulika. Mlipaji hajioni tena kuwa mlipaji, na asiyejiona mlipaji hajioni kuwa na haki ya kuuliza. Zamani ya wakoloni tulikuwa na jembe bila swali kwa sababu ya kiboko. Tuangalie tusije tukarudi hapo hapo kwa sababu ya urahisi.

Deni jema na deni baya

Je, halmashauri yaweza kukopa? Sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 1982 yaruhusu, kwa idhini ya Waziri. Wala kukopa si dhambi. Soko au bomba la maji litakalotumiwa kwa miaka thelathini, si lazima lilipwe lote na watu wa mwaka mmoja. Ni haki hata watoto wetu, watakaolitumia, wachangie kulilipa.

Mfano mzuri ni Tanga. Mwezi wa Februari 2024 mamlaka ya maji ya mji huo ilianza kuuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ili kupanua huduma ya maji. Hatifungani ni hati ya deni: mwananchi au benki hutoa fedha leo, hupata riba kila mwaka, na mwisho hurudishiwa fedha zake. Lakini pigeni hesabu: riba peke yake juu ya kiasi hicho ni zaidi ya shilingi bilioni 7 kwa mwaka, nayo haina budi kutoka katika ankara za maji. Deni la namna hii ni jema likiwa na mambo matatu: kazi inayoonekana, chanzo cha kulilipa kinachojulikana, na hesabu isomwayo hadharani.

Deni baya ni lile la kulia leo na kumwachia mtoto sahani tupu. Mji wa Detroit huko Marekani ulikuwa na watu zaidi ya 1,800,000 mwaka 1950. Baadaye viwanda vikafungwa, watu wakahama, majengo yakaachwa matupu, na kodi ya majengo ikapungua, huku mji ukiendelea kukopa. Mwezi wa Julai 2013 mji ulikwenda mahakamani kutangaza kwamba umefilisika, ukiwa na madeni yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 18. Taa za barabarani karibu nusu zilikuwa haziwaki, na wastaafu walipunguziwa malipo yao ya uzeeni.

Msiseme kwamba Detroit ni mbali. Sisi tuna deni letu lisilo na hati wala riba, nalo ni la fundi aliyejenga darasa akakaa miaka bila kulipwa, na la mwalimu adaiye nauli ya uhamisho. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeyataja madeni ya namna hii mara nyingi. Halmashauri isiyoyaandika katika makisio yake hujionyesha kuwa tajiri, kumbe imevaa joho la kuazima.

Yaliyotupata mwaka 1972

Yako mambo ambayo vijana hawakuyaona. Baada ya uhuru halmashauri nyingi zilitumia kuliko zilivyokusanya. Mwaka 1969 kodi yao kubwa ikafutwa, na mwaka 1972, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zikavunjwa, na za miji zikafuata. Kazi zikashikwa na maofisa wa serikali kuu. Miji ilichakaa hata ikalazimu halmashauri zake zirudishwe mwaka 1978, na za wilaya zikarudi mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Leo Katiba yetu, katika ibara za 145 na 146, yasema kwamba kuwako kwa serikali za mitaa ni kwa ajili ya kuwapa wananchi madaraka. Lakini halmashauri isiyo na mapato yake, na isiyoulizwa na watu wake, yaweza kufa ingali hai.

Basi, tufanye nini?

Katika mkutano ujao wa mtaa au kijiji, baba na mama wa kila nyumba na waende na maswali manne. Je, mwaka huu tulipangiwa nini, na kimefika kiasi gani? Fedha zilizokusanywa hapa ni kiasi gani, na risiti zake ziko wapi? Halmashauri yetu yadaiwa na nani? Mkaguzi Mkuu alisema nini juu yetu mwaka jana? Maswali haya yaulizwe kwa heshima, bila matusi, na majibu yaandikwe. Na yule aulizaye awe kwanza amelipa lililo lake, leseni yake iwe hai na nyumba yake iwe imeandikwa, ili swali lake liwe na nguvu. Sisi tunaohudumu katika nyumba za ibada, ambazo sheria imezisamehe kodi ya majengo, twapaswa kuwa wa kwanza kulikumbusha jambo hili, kwa maana barabara iletayo waumini kanisani imejengwa kwa fedha za wengine.

Anayelipa bila kuuliza amelima usiku. Na anayeuliza bila kulipa amekuja mferejini mikono mitupu. Watu wa Lemara, na ninyi nyote mnaosoma, fikeni na vyote viwili.