Ushahidi wa Kununuliwa: Hatari za Viungo vya Kulipiwa katika Mitambo ya Kutafuta

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika intaneti methali hii imepata mtihani mgumu, kwani huko kizuri hakionekani mpaka kitajwe na wengine, na kutajwa kwenyewe kumegeuka bidhaa ya sokoni. Makala haya yanachunguza biashara ya kununua viungo kutoka kwa mitandao ya tovuti zilizoundwa kwa ajili hiyo tu, pamoja na madhara yanayompata mnunuzi. Suala hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa. Biashara yenyewe ni ya matini, na huwategemea waandishi wa kukodiwa, miongoni mwao wakiwemo vijana wa vyuo vikuu vya Kenya.

Chimbuko la biashara hii ni la kitaaluma. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walichapisha maelezo ya mtambo wa kutafuta walioupa jina la Google. Wazo lao kuu linafahamika kwa yeyote aliyewahi kuandika tasnifu: kazi inayorejelewa na wengi huenda ina uzito. Tangu mwaka 1955 Eugene Garfield alikuwa amependekeza faharasa ya marejeleo ya kisayansi kwa msingi huo huo. Page na Brin waliuhamishia kwenye kurasa za mtandao, kila kiungo kikachukuliwa kuwa ni ushahidi. Hata hivyo, mashahidi hawakulingana. Ukurasa wenye hadhi huigawa hadhi yake kwa kurasa unazozielekea. Ukielekeza kwa kurasa 10, kila mmoja hupata sehemu ya kumi. Ukielekeza kwa 200, kila mmoja huambulia makombo. Hesabu hii ndogo ni muhimu, kwa sababu ndiyo inayombana muuzaji wa viungo.

Muuzaji huanza kwa kukusanya tovuti. Njia inayopendwa ni kununua majina ya tovuti zilizokufa, yaani yale ambayo wenyewe waliacha kuyalipia, ilhali tovuti nyingine bado zinayaelekea. Ni sawa na kuvaa kanzu ya marehemu ili kupokea heshima aliyokuwa akipewa. Tovuti hizo hujazwa makala mafupi, na ndani ya kila makala hupenyezwa kiungo cha mteja. Mteja hulipa kwa mwezi au kwa kila makala. Akiacha kulipa, mara nyingi kiungo huondolewa. Kwa hiyo anachokiita ununuzi kwa hakika ni upangaji. Kadiri muuzaji anavyopata wateja wengi, ndivyo fungu la kila mmoja linavyopungua na ndivyo mtandao mzima unavyozidi kujianika.

Kisa kinachofaa kuchunguzwa kwa kina ni cha J. C. Penney, kampuni ya maduka ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1902. Mwishoni mwa mwaka 2010, katika msimu wa manunuzi ya sikukuu, kampuni hiyo ilijitokeza ya kwanza katika Google kwa maneno mengi ya kawaida: magauni, matandiko, mazulia, samani. Gazeti la The New York Times liliposhuku na kumwomba mtaalamu achunguze, zilipatikana kurasa 2,015 zenye viungo vilivyoielekea kampuni hiyo. Nyingi hazikuwa na uhusiano wowote na mavazi wala samani. Zilihusu kukoroma, uvuvi, vichekesho, hata udaktari wa meno. Shahidi wa mazulia alikuwa mtaalamu wa meno! Gazeti lilichapisha taarifa yake mwezi Februari 2011, lakini Google ilikuwa imekwisha kuchukua hatua siku chache kabla. Kwa neno moja lililohusu masanduku ya safari, kampuni hiyo ilikuwa ya kwanza saa moja jioni kwa saa za New York. Saa mbili baadaye ilikuwa ya 71. Adhabu ilidumu kwa takriban miezi mitatu.

Kampuni ilikana kuidhinisha viungo hivyo na ikavunja mkataba na washauri wake. Yamkini ilisema kweli, lakini kweli hiyo haikuisaidia, kwa maana mtambo haumuulizi mtu nia yake. Aidha, J. C. Penney ilikuwa na maduka zaidi ya 1,000, na wateja waliweza kuingia mlangoni bila kupitia Google. Mchapishaji mdogo wa vitabu vya Kiswahili anayewategemea wasomaji wa mtandaoni hana mlango wa pili.

Mwaka uliofuata ndio uliozivunja nyingi za biashara hizi. Mwezi Machi 2012 mtandao mashuhuri wa kulipiwa, BuildMyRank, ulitangaza kufunga baada ya Google kuziondoa tovuti zake nyingi katika faharasa. Tarehe 24 Aprili 2012 Google ikazindua badiliko lililoitwa Penguin, lililozishusha tovuti zilizotegemea viungo vya hila. Google yenyewe haikusalimika na kanuni zake. Mwaka 2009 iliishushia hadhi Google Japan baada ya kampeni iliyowalipa waandishi wa blogu, na Januari 2012 ukurasa wa Chrome uliadhibiwa kwa siku zisizopungua 60 kwa kosa la aina hiyo.

Je, mtandao wa namna hii hutambulikaje? Baadhi ya alama ni za kiufundi: tovuti nyingi kuhifadhiwa mahali pamoja, sura moja, maneno yale yale yakibeba kiungo kila mara. Nyingine ni za kimtindo, na hapa ndipo mwanaisimu ana la kusema. Ili kupata makala mengi kwa gharama ndogo, wauzaji walitumia programu zinazobadilisha maneno kwa visawe, makala moja yakazaa hamsini. Katika Kiingereza, ambacho upatanisho wake wa kisarufi ni hafifu, hila hiyo huacha sentensi inayosomeka kwa taabu lakini inayosimama. Kiswahili hakina huruma hiyo. Chukua sentensi "Gari lake jipya limeharibika njiani." Ukiweka kisawe "motokaa" bila kugusa mengine utapata "Motokaa lake jipya limeharibika njiani," na papo hapo ngeli zimemfichua mwandishi. Matini kama hayo hayakukusudiwa msomaji. Yaliandikwa ili mashine ihesabu kiungo kisha ipite. Ni utanzu wa ajabu, wenye mwandishi na mlipaji lakini usio na hadhira.

Programu za kisasa zinazotunga sentensi sanifu zimepunguza makosa ya aina hiyo, lakini hazikuondoa hatari. Mwezi Machi 2024 Google ilitangaza kanuni zinazolenga waziwazi makala yanayozalishwa kwa wingi pamoja na majina ya tovuti zilizokufa yanayofufuliwa kwa hila. Zaidi ya hayo, tovuti ya Kiswahili hukabiliwa na tatizo la uchache. Kwa kuwa tovuti za lugha hii si nyingi, viungo vyake vya kweli huwa vya kuhesabika. Viungo 200 vya kununuliwa kutoka tovuti za Kiingereza za kamari haviwezi kujificha kati ya viungo 15 vya halali.

Anayetaka kujitoa naye hukuta mlango mwembamba. Baada ya mwaka 2012 wamiliki wengi wa tovuti waliwaandikia wauzaji wakiomba viungo viondolewe, na baadhi ya wauzaji wakadai malipo ya kuondoa kile walicholipwa kukiweka. Mwezi Oktoba 2012 Google iliwapa wamiliki njia ya kuwasilisha orodha ya viungo wanavyovikana. Tangu Septemba 2016 Penguin imekuwa sehemu ya mfumo wake wa kawaida, na mara nyingi viungo vibovu hupuuzwa tu bila tovuti kushushwa, ingawa adhabu zinazotolewa na wakaguzi wa kampuni hiyo zingalipo. Mnunuzi wa aina hii hapati onyo lolote. Ada ya kila mwezi huendelea kukatwa, na kiungo kipo palepale, hakihesabiwi.