Somo la Leo: Dawa ya Msonobari

Ndugu msomaji, umewahi kukata msonobari kwa panga? Hutoka utomvu wa kunata, wenye harufu kali. Wengi tunaona ni uchafu wa kuharibu nguo tu. Kumbe ndiyo silaha ya mti!

Mti hauna miguu ya kukimbia adui. Kwa hiyo hujitengenezea dawa. Ndani ya gome na mbao mna vijia vidogo vilivyojaa utomvu. Mdudu akitoboa gome, utomvu humwagika, ukamsukuma nje au kumnasa kama ulimbo unavyonasa ndege. Ile harufu kali ni sumu kwa wadudu wengi. Ikishapaa hewani, utomvu hukauka na kuziba kidonda.

Lakini mti wenye kiu, au uliosongwa na wenzake, hauna nguvu ya kutoa utomvu wa kutosha. Huko Marekani na Kanada, mbawakawa wadogo kama punje ya mchele huvamia mti mmoja kwa mamia mpaka ukashindwa, ukafa.

Tena si kila adui huzuilika. Vidukari wa saipresi hufyonza chakula cha mti kwa mdomo mwembamba kama sindano. Waliingia Malawi mwaka 1986, Tanzania 1988 na Kenya 1990, wakakausha miti mingi.

Basi ndugu mkulima, punguza miti iliyosongamana, na usichubue magome ovyo. Mti wenye afya hujipigania wenyewe.

Maswali
1. Utomvu humfanya nini mdudu?
2. Kwa nini mti wenye kiu hushindwa?