Uzi Mmoja, Sauti Nane: Namna ya Kupima na Kutia Uzi Nanga ya Kale

Mtu wa pwani akisikia neno nanga hukumbuka chuma kizuiacho chombo kisichukuliwe na mkondo. Huku kwetu katika mwambao wa Ziwa Viktoria neno hilo lina maana nyingine: ni ubao uliochongwa kama hori, ukatandazwa nyuzi juu yake, na mpigaji akighani huzicharaza kwa vidole. Wahaya wanayo, na jirani zetu wa Rwanda na Burundi huiita inanga. Lakini ukivuka kwenda Buganda, ennanga ni kinubi chenye shingo iliyopinda, wala hakifanani na ubao wetu. Basi daftari la makumbusho likiandika tu “nanga, nyuzi 8” bila mchoro wala vipimo, halijamsaidia sana mtafiti. Neno zeze nalo lina msukosuko huo huo, ila hilo tuliache kwa leo.

Jambo la ajabu katika nanga ni kwamba haina vigingi vya kukazia. Ubao hutiwa pengo kwenye ncha zake mbili, na uzi mmoja mrefu hupitishwa kwenda na kurudi, pengo hadi pengo, mpaka ipatikane mistari saba au minane. Kwa hiyo mistari yote ni ya kitu kimoja, ina unene mmoja, na urefu wake hautofautiani sana. Je, sauti tofauti hutoka wapi? Hutoka katika mkazo. Mpigaji huvuta kipande kimoja na kulegeza kingine, na msuguano wa uzi kwenye mapengo huzuia mkazo usihame. Maarifa hayo hukaa katika vidole na masikio ya mpigaji. Ubao peke yake hauyahifadhi.

Niliyajua haya kwa kukosea. Nilitoka Mwanza kwa meli kwenda Ukerewe, na katika nyumba moja nikaonyeshwa nanga ya marehemu mzee wa nyumba hiyo. Uzi wake ulikuwa wa kano za ng’ombe, umekauka na kukatika mahali pawili. Binti yake, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu wengi, aliniomba niitie uzi mpya. Kwa haraka zangu niliukata ule wa zamani kwa kisu na kuutupa, nikaweka uzi wa nailoni wa wavuvi, unene milimeta 0.8, nilioununua Mwaloni Kirumba. Nilipomaliza, bibi alisikiliza kisha akatikisa kichwa: “Hii si sauti ya baba, mjukuu wangu. Baba alikuwa chini zaidi.” Hapo ndipo nilipotambua nilichokitupa.

Kanuni inayohusika iliandikwa na mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, mwaka 1636. Sauti ya uzi hupanda uzi ukifupishwa, hupanda ukikazwa, na hushuka ukiwa mzito. Uzi ukikatwa nusu, mitetemo yake kwa sekunde huwa maradufu. Lakini kuipata sauti hiyo hiyo kwa kukaza tu, mkazo hauna budi kuongezwa mara nne.

Tuchukue nanga ile, yenye mistari 8 ya urefu wa sentimeta 60. Nailoni ina uzito wa gramu 1.14 hivi kwa kila sentimeta ya mchemraba. Ili mstari mmoja wa milimeta 0.8 utoe mitetemo 150 kwa sekunde, wahitaji mkazo sawa na uzito wa kilo 1.9. Tukadirie kwamba mistari yote minane ina mkazo wa namna hiyo: ubao unabeba kilo 15, mzigo usioudhuru. Sasa tuseme mtu apenda mlio mkali akatia waya wa chuma wa unene ule ule. Chuma ni kizito karibu mara saba kuliko nailoni, hivyo kwa sauti ile ile ubao utabanwa kwa zaidi ya kilo 100, yaani gunia zima la mahindi. Ubao wa kale, uliokauka na kuliwa na wadudu, utapasuka. Nimeuona mmoja uliopasuka hivyo, ufa umekwenda kutoka pengo hadi pengo.

Wenzetu wa Ulaya wamekutana na tatizo kama hili katika ala iitwayo siteni, iliyopendwa sana katika karne ya 16 na ya 17. Ina mgongo bapa na nyuzi za waya wa chuma na wa shaba ya manjano, na hupigwa kwa kipande cha unyoya. Uingereza ilitundikwa hata kwenye vinyozi, wateja wakajiburudisha wakingoja zamu. Wachunguzi wake hutumia hoja moja yenye nguvu: sauti ya juu kabisa ambayo uzi wa urefu fulani huweza kuifikia kabla ya kukatika haitegemei unene wake, kwa maana uzi mnene ni imara zaidi lakini pia ni mzito zaidi kwa kadiri ile ile. Nailoni ya wavuvi ikistahimili kilo 50 hivi kwa kila milimeta ya mraba, mstari wa sentimeta 60 hautapita mitetemo 550, uwe mwembamba au mnene. Urefu wa nanga, basi, hukupa dari ya sauti zake hata kama uzi umepotea.

Sakafu hukuipi. Kwa hiyo hapana budi kutafuta masikio na kumbukumbu za sauti. Hugh Tracey, aliyerekodi muziki wa Tanganyika mwaka 1950, alipima sauti za ala kwa seti ya nyuma za chuma zilizopishana mitetemo 4 kwa sekunde. Siku hizi simu ya mkononi yenye programu ya kupimia sauti hufanya kazi hiyo papo hapo. Kwa upande wa maneno, Mugyabuso Mulokozi alizichunguza tendi za nanga za Wahaya katika tasnifu yake ya mwaka 1986. Anayetaka kujua ala hii hana budi kusoma tendi zake pia, maana uzi hukazwa kuifuata sauti ya mghani.

Nilirudi Ukerewe. Safari hii nilimwomba bibi aimbe kwa kuvumisha sauti ya chini kabisa ya nanga ya baba yake, kama anavyoikumbuka. Aliirudia mara kadhaa kwa siku mbili, na kila mara nilipata karibu mitetemo 120. Ule uzi wangu ukilegezwa hadi hapo hubaki na mkazo wa kilo 1.2, nao ulikuwa ukigonga ubao na kukwaruza. Nikabadilisha, nikatia wa milimeta 1. Kwa mitetemo 120 mkazo wake unarudi kilo 1.9, na mkwaruzo ukaisha. Kano ni nzito kidogo kuliko nailoni, takriban gramu 1.3 kwa sentimeta ya mchemraba. Kwa hesabu hiyo, kama mkazo ulikuwa huo, ule uzi nilioutupa ulikuwa na unene wa milimeta 0.94 hivi. Nimeiandika tarakimu hiyo daftarini na kando yake neno “makisio”. Bibi aliusikiliza mstari wa kwanza akanyamaza, kisha akaniambia nishushe wa tatu.