SOMO KWA VYAMA VYA MACHIMBO: KUKADIRIA MKAZO WA MWAMBA KABLA YA KULIPUA



Chama kinacholipua mawe kwa mazoea tu hupata hasara mbili: jiwe linalotakiwa halivunjiki vizuri, na ukuta unaotakiwa kubaki imara huingia nyufa. Chini ya ukuta huo ndipo wanachama wetu watakapofanya kazi kesho yake. Kwa hiyo, ingawa kulipua ni kazi ya mwenye cheti peke yake, hesabu yake yafaa ieleweke kwa wote.

Mkazo hutokeaje?

Baruti ilipukapo shimoni, huusukuma mwamba na kupeleka wimbi la mgandamizo pande zote. Mwamba huvumilia sana kugandamizwa, bali ni dhaifu unapovutwa; nguvu yake ya kuhimili mvuto ni kama sehemu ya kumi tu ya ile ya kuhimili mgandamizo, au pungufu. Wimbi lifikapo kwenye uso ulio wazi, hurudi likiwa wimbi la mvuto, na jiwe hubanduka.

Hesabu ya mkazo

Zidisha mambo matatu: kilo za mita moja ya ujazo ya mwamba, mwendo wa wimbi, na kasi ya mtikisiko wa mwamba wenyewe. Mwendo na mtikisiko ni mambo mawili: wimbi la ziwani husafiri mbali, lakini mtumbwi hupanda na kushuka pale pale.

Mwamba wa itale, kama ule wa Mwanza, huwa na kilo zipatazo 2,700 kwa mita ya ujazo, na wimbi hupita kwa mita kama 5,000 kwa sekunde. Mtikisiko ukifikia mita 1 kwa sekunde, mkazo ni nyutoni milioni 13.5 kwa mita ya mraba. Itale nyingi hupasuka kwa mvuto wa nyutoni milioni 10 hivi. Basi ukuta huo umo hatarini.

Umbali na baruti

Gawanya umbali kwa kipeuo cha pili cha kilo za baruti zinazolipuka kwa mpigo mmoja. Kwa mita 100 na kilo 25, jibu ni 20. Kwa mita 50, ili jibu libaki 20, mpigo usizidi kilo 6.25. Umbali ukipungua kwa nusu, baruti ishuke hadi robo. Kwa desturi, mashimo yanayopishana kwa sehemu 8 za elfu za sekunde au zaidi huhesabiwa kuwa mipigo mbalimbali. Kwa hiyo kilo 25 zaweza kugawanywa katika mashimo manne.

Hata hivyo, kila mwamba una tabia yake, na karibu sana na shimo kanuni hii haiaminiki. Hapana budi mitikisiko ya milipuko midogo ya majaribio ipimwe kwanza kwa chombo.

Kazi ya Katibu

Aandike katika daftari, kila mlipuko: tarehe, umbali, kilo za kila mpigo, mtikisiko uliopimwa, na nyufa zilizoonekana. Daftari hilo ndilo litakalokadiria mlipuko ujao, na ndilo litakalojibu malalamiko ya jirani.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mwamba hupasuka kwa mvuto upesi kuliko kwa mgandamizo?
2. Nyumba iko mita 200 kutoka machimboni. Ili jibu liwe 20, mpigo mmoja uwe na kilo ngapi?
3. Je, daftari la chama chenu linaonyesha kilo za kila mpigo, au jumla ya baruti tu?