Utungaji: Ratiba ya Kupanda Mlima Mbeya

Mtahiniwa, chukua swali hili: "Klabu ya mazingira ya shule yenu iliyopo Mbalizi itapanda Mlima Mbeya kwa siku moja. Ukiwa katibu, andika ratiba ya ziara hiyo."

Wengi huandika kuondoka saa 2, chakula saa 6, kurudi saa 10. Saa hizo zimetoka wapi? Ratiba ya mlima huhesabiwa. Kanuni ya Naismith wa Uskoti, ya mwaka 1892, hutoa saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme njia ina kilomita 6 na mpando wa mita 900: saa 1 na dakika 12, jumlisha saa 1 na dakika 30, ni saa 2 na dakika 42, bila mapumziko. Kwa wanafunzi weka saa 4. (Wapo watakaokuja na ndala hata ukiwakataza.)

Kisha andika saa ya kugeuka. Hapa ndipo ratiba nyingi huanguka. Mkiondoka saa 1 asubuhi, saa 6 mchana mnageuka, hata kama kilele kinaonekana.

Chagua Julai hadi Septemba, kabla ya mvua na radi. Kileleni, zaidi ya mita 2,800, anga likiwa safi mtauona Mlima Rungwe kusini-mashariki. Bebeni masweta.

Safu ziwe tatu: muda, tukio, mhusika. Ya mwisho usiiache wazi. "Kuhesabu wanafunzi kabla ya kushuka" ni kazi ya nani? Andika: kiranja.