Kaa wa Pwani na Maji ya Bamvua

Mtoto wa Ufipa amzoea kaa. Amemwona chini ya mawe katika vijito vya mlimani, na akishuka upande wa magharibi mpaka Kasanga au Kirando, humwona katika Ziwa Tanganyika. Jike akigeuzwa chali, pengine huonekana watoto wadogo wameng'ang'ania chini ya tumbo lake. Hao wametoka mayaini wakiwa kaa kamili, wenye miguu na magando, nao hukaa na mama yao mpaka wapate nguvu. Ziwani maji hayajai wala hayapwi kwa namna ya kuonekana. Kwa hiyo kaa huyu hana haja ya kufuata kujaa na kupwa kwa maji.

Kaa wa pwani sivyo alivyo. Kutoka Sumbawanga mpaka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilometa 1,000, na huko bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa kama saa 25. Mwezi ndio hasa uyavutao maji, na jua husaidia. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, huvuta pamoja na jua. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana, nayo huitwa maji ya bamvua. Katikati ya nyakati hizo nguvu hupungua, nayo huitwa maji mafu. Huko Unguja, wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa yafika karibu meta 4, yaani zaidi ya kimo cha watu wawili.

Katika matope ya mikokoni hukaa kaa wadogo, ambao dume wao ana gando moja kubwa mno na jingine dogo la kulia. Maji yakipwa mchana, dume husimama mlangoni pa shimo lake, akilipunga gando kubwa kama mtu amwitaye mgeni. Jike hupita akilitazama shimo hili na lile, mpaka apate limpendezalo. Kisha huingia, nao huoana, na mayai hushikamana chini ya tumbo lake.

Lakini watoto wake watokapo mayaini ni vidudu vidogo sana, visivyoweza kutembea, huelea tu. Sharti vichukuliwe mbali baharini, vikue huko majuma kadhaa, ndipo virudi pwani. Vikibaki karibu na ufuko, samaki wadogo huvila.

Basi mama wengi huvitoa usiku, maji ya bamvua yakiisha kujaa na kuanza kupwa. Giza huvificha, na mkondo wenye nguvu huvichukua mbali. Mayai hukomaa kwa muda wa kama majuma mawili, na bamvua nayo hurudi kila majuma mawili. Kwa hiyo kaa wengi wa namna hii huoana siku zifaazo, ili mayai yakomae bamvua ijapo. Jike achelewaye, huenda mayai yake yakakomaa siku za maji mafu, wakati mkondo ni dhaifu. Waswahili husema: Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Kaa huyu ajuaje saa? Wataalamu waliwaweka kaa wa namna hii chomboni ndani ya nyumba, mahali ambapo maji hayajai wala hayapwi. Hata hivyo, kwa siku kadhaa kaa wakaendelea kutembea saa zile zile za maji kupwa pwani kwao. Hii yaonyesha kwamba saa imo mwilini mwao, na bahari ndiyo huirekebisha.

Hivyo kaa wa Ufipa huwalinda watoto wake kwa kuwabeba. Kaa wa pwani huwalinda kwa kuingojea siku yao.

Maswali

1. Maji ya bamvua huja lini, na kwa sababu gani?
2. Dume hufanya nini ili kumwita jike?
3. Kwa nini mama huwatoa watoto usiku?
4. Eleza tofauti ya watoto wa kaa wa kijitoni na wa kaa wa pwani.