Duka Linapolisha Jiko Bila Malipo: Funzo kwa Wafanyabiashara wa Kilosa na Mikumi

Katika miji midogo ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ipo aina moja ya biashara inayozidi kupendwa na familia zenye mtaji mdogo. Ni duka la vyakula lenye mgahawa ndani yake. Mbele huuzwa mchele, unga, sukari, mafuta na sabuni. Nyuma kuna jiko la mkaa, meza chache, chai, chapati na wali kwa maharage. Baba hushika duka, mama hushika jiko, na watoto husaidia wakitoka shule.

Kwa macho, biashara hii ina nguvu kuliko duka peke yake. Kodi ya pango ni moja, mlinzi ni mmoja, na mchele ambao haujapata mnunuzi hupata sufuria. Hata hivyo si ajabu kukuta mgahawa umejaa wateja huku bidhaa za duka zikipungua mwezi hadi mwezi, na mwenye mali haelewi fedha zinakokwenda. Somo la wiki hii linaeleza zinakokwenda.

MASOKO MAWILI TOFAUTI

Kwanza mfanyabiashara ajue anauza kwa nani. Mikumi iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, kiasi cha kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya Kidatu na Ifakara. Wateja wa jiko ni madereva wa malori, abiria, na wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Hawa hulipa taslimu na kuondoka. Hawakopi, lakini pia hawana ahadi: leo sahani 50, kesho 15. Tangu mwaka 2023, mabasi ya abiria yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, mwenye jiko amelazimika kufikiri upya hata saa za kuwasha moto.

Kilosa mjini hali ni nyingine. Huu ni mji wa Reli ya Kati na makao makuu ya wilaya. Wateja ni watumishi, wanafunzi, wachuuzi wa sokoni na wakulima. Wanajulikana kwa majina, na kwa hiyo wanakopa. Fedha hufurika wakati wa mavuno na kukauka wakati wa kulima. Reli nayo si ya kutegemewa peke yake. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu njia na kusimamisha treni, na jiko linaloishi kwa abiria wa treni hukosa mteja siku hiyo hiyo. Treni ya SGR iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 ina stesheni Kilosa, lakini abiria anayepita haraka si lazima ateremke kula.

Kwa hiyo hasara ya Mikumi mara nyingi huwa kwenye chakula kilicholala, na hasara ya Kilosa huwa kwenye daftari la madeni. Kuna hasara ya tatu ambayo ni ya kote kuwili, nayo ndiyo kubwa.

HESABU YA WIKI MOJA

Tuchukue mfano. Bei ni za kufundishia tu; msomaji aweke za kwake.

Mgahawa umeuza sahani 210 kwa shilingi 2,000 kila moja. Mauzo ni shilingi 420,000. Fedha taslimu zilizotoka ni hizi: nyama na mboga za sokoni 130,000, mkaa 35,000, msaidizi wa jikoni 50,000, maji 5,000. Jumla 220,000. Zimebaki 200,000 kwenye kopo. Familia husema, "Wiki hii jiko limetupa laki mbili," na fedha hizo huenda kwenye ada, matibabu au bati za nyumba.

Sasa tuangalie kilichochukuliwa dukani bila kuandikwa, kwa bei ya kununulia:

Mchele kilo 30 kwa 2,400: sh. 72,000
Mafuta lita 8 kwa 5,000: sh. 40,000
Unga kilo 25 kwa 1,400: sh. 35,000
Maharage kilo 8 kwa 2,500: sh. 20,000
Sukari kilo 5 kwa 2,800: sh. 14,000
Chumvi na majani ya chai: sh. 4,000
Jumla: sh. 185,000

Faida ya jiko kumbe ni shilingi 15,000, si 200,000. Shilingi 185,000 zilizobaki ni mtaji wa duka uliovaa nguo za faida. Familia ikizitumia kila wiki, baada ya wiki nne duka limepoteza bidhaa za shilingi 740,000. Hakuna mwizi aliyeingia. Mlango ulikuwa wazi kwa ndani.

Je, jiko lifungwe? Wengi hukosea hapa. Gharama zote za jiko ni 220,000 na 185,000, yaani 405,000. Tuseme familia yenyewe ilikula sahani 60 wiki hiyo. Sahani zilizopikwa ni 270, na kila moja imegharimu 1,500. Familia imekula chakula cha shilingi 90,000. Jiko basi limezalisha 105,000: shilingi 15,000 za fedha na 90,000 za chakula cha nyumbani. Ni jiko zuri. Kosa ni kutoa 200,000 pale ambapo halali ya kutoa ni 15,000.

NINI KIFANYIKE

Moja, madaftari yawe mawili na makopo ya fedha yawe mawili. Kitu kikitoka dukani kwenda jikoni kiandikwe kabla hakijaoshwa.

Mbili, jiko lilipe duka kila jioni kwa bei ya kununulia. Bei ya kuuzia itumike kwa swali jingine: je, bidhaa hii ingeuzika yenyewe? Mchele unaogombaniwa na wanunuzi usipikwe kwa mazoea. Nyanya zinazoanza kulainika zipikwe leo, kwa sababu kesho thamani yake ni sifuri.

Tatu, uhamisho huu usitolewe risiti ya mashine ya EFD kama mauzo. Mali haijauzwa, imebadili chumba. Kwa mfanyabiashara anayetozwa kodi kwa makadirio, kodi hufuata mauzo na siyo faida. Akiandika mchele ule ule mara mbili, mara dukani na mara kwenye sahani, atalipia kodi mara mbili.

Nne, chakula cha familia kiandikwe kama posho ya familia. Wala hakuna aibu. Mwenye mali ana haki ya kula, ila ajue amekula kiasi gani.

FUNZO KUTOKA MBALI

Wahamiaji wa Kikorea waliokwenda Marekani kwa wingi baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965 walijulikana kwa maduka ya vyakula ya familia, hasa New York. Katika miaka ya 1980 wengi wao waliweka ndani ya duka meza ya chakula kilicho tayari. Matunda na mboga zilikatwa na kuuzwa kwa uzito kabla hazijanyauka. Mtaji wengi waliupata kwa kuchangiana kwa zamu, utaratibu wao unaoitwa kye, ambao kwetu ni upatu. Nao pia nguvu kazi yao ilikuwa mke, mume na watoto, bila mshahara. Hapo pana onyo: biashara inayoonyesha faida kwa sababu tu hakuna anayelipwa, bado haijapimwa.

KWA ANAYETAKA KUWEKA FEDHA

Ukialikwa kuingia ubia katika biashara ya namna hii, usidanganywe na wingi wa watu mezani. Omba kuona daftari la uhamisho kutoka dukani kwenda jikoni. Kama halipo, faida unayotajiwa ni ya kukisia. Kisha hesabu bidhaa zilizomo dukani leo, rudi baada ya mwezi, uzihesabu tena kwa bei ya kununulia. Zikiwa zimepungua bila deni la wauzaji wa jumla kupungua, fedha yako itakwenda kujaza pengo, haitakuza biashara.

ZOEZI: Kwa siku saba andika kila kinachotoka dukani kwenda jikoni, hata chumvi. Siku ya nane toa jumla yake kutoka kwenye fedha za kopo la mgahawa. Kinachobaki, hicho ndicho chako.